Matthew Henson katika Nchi ya Barafu

Kaskazini kabisa mwa dunia kuna bahari iliyofunikwa na barafu. Bahari hiyo huitwa Bahari ya Aktiki. Katikati yake kuna mahali panapoitwa Ncha ya Kaskazini. Hapana kijiji hapo, wala mti, wala jiwe. Ukisimama hapo, kila upande unaotazama ni kusini. Jua huchomoza mara moja kwa mwaka na kuchwa mara moja. Karibu nusu ya mwaka ni mchana, na karibu nusu ya mwaka ni usiku.

Barafu ya huko si ardhi. Ni maji ya bahari yaliyoganda. Huelea, husogea, hupasuka. Leo unapita mahali pakavu, kesho pana mto wa maji meusi. Kwa miaka mingi watu wa mataifa mbalimbali walijaribu kufika kwenye Ncha, na wengi walikufa njiani. Huko hakukuwa na dhahabu wala mashamba. Walichotafuta ni sifa ya kuwa wa kwanza.

Mmoja wa watu waliokwenda mbali kuliko wengi alikuwa Matthew Henson, Mmarekani mweusi, mtoto wa wakulima maskini. Haya ndiyo maisha yake.

Utoto na bahari

Matthew Henson alizaliwa tarehe 8 Agosti 1866 katika jimbo la Maryland, nchini Marekani. Vita vilivyokomesha utumwa katika nchi hiyo vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu kabla. Wazazi wake walizaliwa huru, lakini hawakuwa na ardhi yao. Walilima ardhi ya mtu mwingine na kugawana mavuno na mwenye shamba.

Wazazi wote wawili walikufa Matthew akiwa bado mtoto. Ndugu wa ukoo waliokaa mjini Washington wakamchukua. Huko alisoma shule kwa miaka michache, kisha akaosha vyombo katika mgahawa. Wanamaji waliokuja kula hapo walikuwa wakisimulia habari za nchi za mbali. Kijana akasikia, na moyo wake ukaenda baharini. Alipokuwa na miaka kama 12 aliondoka akaenda Baltimore, mji wenye bandari. Akapata kazi katika meli iliyoitwa Katie Hines.

Nahodha wa meli hiyo aliitwa Childs, mzee wa kizungu. Mzee huyu alimpenda mtoto yule. Kila jioni kazi ilipokwisha alimwita chumbani mwake akamfundisha. Alimfundisha kusoma vizuri na kuandika, hesabu, habari za nchi, na namna ya kusoma ramani ya bahari. Wakati uleule meli ilikuwa ikimpeleka China, Japani, Afrika, na hata kwenye bahari za baridi za Urusi. Alichokisoma kitabuni usiku, mara nyingine alikiona kwa macho yake baada ya majuma machache.

Nahodha alipokufa, Matthew aliacha meli. Alifanya kazi nyingi ndogondogo, na mwishowe akaajiriwa katika duka la kofia mjini Washington. Mwaka 1887 ofisa mmoja wa jeshi la majini aliingia dukani humo kutafuta kofia ya jua. Jina lake lilikuwa Robert Peary. Alikuwa akijiandaa kwenda Nikaragua kupima njia ya mfereji wa meli. Alihitaji pia mtumishi. Mwenye duka akamwambia habari za kijana huyu aliyewahi kusafiri duniani. Henson akakubali. Alichukuliwa kama mtumishi wa kufua nguo na kupika, lakini Peary aliona upesi kwamba anajua mengi zaidi ya hayo.

Kujifunza upya

Mwaka 1891 Peary aliamua kwenda Greenland, kisiwa kikubwa kilicho karibu na Ncha ya Kaskazini. Sehemu kubwa ya kisiwa hicho imefunikwa na barafu nene sana. Watu ni wachache mno, nao hukaa pwani tu. Henson alikwenda pamoja naye.

Huko waliwakuta Wainuiti. Zamani wageni waliwaita Waeskimo, jina ambalo wengi wao hawalipendi. Wainuiti wa kaskazini mwa Greenland walikuwa watu mia mbili na kitu tu. Walikuwa wawindaji wa sili na dubu weupe. Walipomwona Henson walishangaa. Walimlinganisha rangi na wao, wakaona si mweupe kama wageni wengine. Wakamhesabu kuwa ndugu yao.

Hapa ndipo Henson alipoonyesha akili yake. Wageni wengi walifika huko wakidhani wanajua kila kitu. Henson alikaa chini na kuwa mwanafunzi tena, akiwa na miaka 25. Walimu wake hawakujua kusoma wala kuandika, lakini walijua namna ya kuishi mahali ambapo mgeni asiyefundishwa hufa kwa siku chache.

Alijifunza lugha yao mpaka akaisema bila shida. Alijifunza kuwinda. Alijifunza kukata matofali ya theluji kwa kisu kirefu na kuyapanga yakawa nyumba ya mviringo. Watu wanne wanaojua kazi hiyo hujenga nyumba kwa muda wa saa moja hivi, na ndani yake upepo haupiti.

Alijifunza pia kuendesha mbwa. Katika nchi ile mzigo huchukuliwa kwa sleji, yaani gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya barafu. Mbwa wanane au zaidi hulikokota. Mbwa hao si kama mbwa wa nyumbani. Ni wakali, hupigana, na mwendeshaji mgeni hawamsikilizi. Henson aliwaendesha kama mzaliwa wa pale. Tena alikuwa fundi seremala, na sleji zilizovunjika alizitengeneza yeye katika baridi kali, mikono ikiganda.

Wanawake wa Kiinuiti wasisahauliwe. Wao walitafuna ngozi kwa meno ili zilainike, kisha wakashona suruali za manyoya ya dubu na viatu vya ngozi ya sili. Wageni wengi wamesifiwa vitabuni kwa safari ambazo, bila sindano za wanawake hao, zisingefika hata siku ya pili.

Wainuiti walimpa Henson jina lao, Mahri-Pahluk, lenye maana ya Matthew mwema.

Njaa na vidole vya Peary

Tangu mwaka 1891 mpaka 1909 Henson alikwenda nchi ya barafu pamoja na Peary mara saba. Si kila safari ilifaulu. Mwaka 1895 walivuka barafu ya Greenland pamoja na Mmarekani mwingine, Hugh Lee. Chakula walichokuwa wamekiweka akiba mwaka uliotangulia kilifunikwa na theluji, wasikione. Waliendelea hivyo hivyo. Walirudi wamekonda, wakiwa na mbwa mmoja tu aliyebaki hai.

Katika miaka ile Peary alifanya pia jambo la kusikitisha. Wainuiti walikuwa na mawe makubwa ya chuma yaliyoanguka kutoka angani. Kwa miaka mingi walichonga humo ncha za mikuki na visu, maana chuma kingine hawakuwa nacho. Peary aliyachukua mawe hayo. La mwisho, lenye uzito wa tani 31, alilipeleka New York mwaka 1897, na baadaye yakauzwa kwa jumba la makumbusho. Katika meli hiyohiyo aliwachukua Wainuiti sita. Haukupita muda mrefu wanne wakafa kwa maradhi ya kifua.

Mwanzoni mwa mwaka 1899 walisafiri katika giza la majira ya baridi. Walipofika kwenye kibanda cha zamani, Henson alimvua Peary viatu na kuona miguu imeganda. Baadhi ya vidole vilikuwa vimekufa. Henson na Wainuiti walimfunga kwenye sleji wakamkokota mamia ya kilomita mpaka melini. Kwa jumla vidole vinane vya miguu vilikatwa. Tangu hapo Peary alitembea kwa kuburura miguu, na akamtegemea Henson zaidi.

Mwaka 1906 walijaribu tena. Dhoruba iliwachelewesha, chakula kikapungua, wakageuka. Njiani walikuta maji mapana yaliyoanza kuganda. Barafu yake ilikuwa nyembamba, nayo ilibonyea chini ya miguu yao. Walivuka wametengana, kila mtu peke yake, pasipo kusimama. Aliyesimama angezama.

Safari ya mwisho

Julai 1908 meli yao, Roosevelt, iliondoka New York. Ilipita Greenland na kuwachukua Wainuiti, wanaume, wake zao na watoto, pamoja na mbwa wengi. Majira yote ya baridi walikaa kaskazini mwa kisiwa cha Ellesmere, nchini Kanada. Wanawake walishona. Wanaume waliwinda. Henson alitengeneza sleji.

Mwanzoni mwa Machi 1909 waliondoka pwani kuingia baharini juu ya barafu. Walikuwa watu 24, sleji 19 na mbwa 133. Kutoka hapo mpaka Ncha ya Kaskazini ni kilomita 765 hivi.

Mpango wao ulikuwa hivi. Kikosi kimoja kilitangulia kutengeneza njia na kujenga nyumba za theluji. Vikosi vingine vilifuata na mizigo. Kila baada ya siku kadhaa kikosi kimoja kiliacha chakula chake kwa wengine na kurudi pwani. Hivyo watu walizidi kupungua, lakini waliobaki walikuwa na chakula na mbwa wenye nguvu.

Kila mtu alipewa kwa siku karibu nusu kilo ya nyama kavu iliyosagwa na kuchanganywa na mafuta, karibu nusu kilo ya biskuti ngumu, maziwa ya kopo kidogo na majani ya chai. Hakuna kingine. Mbwa walipewa nyama kavu. Mbwa aliyechoka kabisa aliuawa, na wengine wakamla.

Baridi ilikuwa kali hata mafuta ya taa yaligeuka meupe na mazito. Mara nyingi barafu ilijikunja ikawa vilima, na walilazimika kukata njia kwa sururu na kuzibeba sleji. Tangu tarehe 4 Machi walizuiwa na maji mapana, wakangoja juma zima mpaka yalipoganda.

Henson alitangulia mara nyingi. Siku moja kipande cha barafu alichokanyaga kiliteleza akaanguka majini. Katika baridi ile mtu aliyelowa ana dakika chache tu za kuishi. Mwinuiti aliyeitwa Ootah alimshika kwenye kola akamvuta juu kwa mkono mmoja. Akamvua viatu vilivyolowa, akapukuta maji kwenye manyoya kabla hayajaganda, kisha wakaendelea na safari. Ootah anastahili kukumbukwa, maana bila yeye hadithi hii ingeishia hapo.

Tarehe 1 Aprili kikosi cha mwisho cha msaada kiligeuka. Kiongozi wake alikuwa nahodha Bob Bartlett, aliyeongoza meli. Alitaka sana kuendelea. Wamebaki kilomita 246 hivi. Peary alimrudisha, akamchagua Henson pamoja na Wainuiti wanne: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Wainuiti hao waliahidiwa mashua, bunduki, hema na visu. Kwa mwindaji huo ni utajiri. Ooqueah, kijana kuliko wote, alikuwa na mchumba moyoni, na alijua kwamba mwenye bunduki na mashua hakataliwi.

Watu sita, sleji tano na mbwa 40 wakaendelea. Peary, kwa sababu ya miguu yake, mara nyingi alipanda sleji. Henson na Wainuiti walitangulia kufungua njia. Tarehe 6 Aprili 1909 Henson alifika mahali pa kupiga kambi. Aliona, kwa mwendo waliokwenda, kwamba wamefika. Peary alifika kama dakika 45 baadaye. Henson alisimulia baadaye kwamba alivua glavu ampongeze mkubwa wake, lakini Peary hakumpa mkono. Tena Peary alionekana kukasirika kwa kuwa mwenzake ametangulia. Njia yote ya kurudi aliongea naye maneno machache tu.

Walikaa hapo kiasi cha siku moja na nusu wakipima jua. Kisha waligeuka kwa haraka, maana barafu hupasuka zaidi majira ya joto yanapokaribia. Tarehe 23 Aprili walikanyaga tena nchi kavu. Ross Marvin, kiongozi wa kikosi kimoja cha msaada, hakurudi. Alikufa njiani akielekea pwani.

Ubishi

Je, walifika kweli? Swali hili limeulizwa tangu siku ile.

Baharini hakuna alama ya kuonyesha Ncha. Mtu hujua mahali alipo kwa kupima jua kwa chombo maalum na kupiga hesabu. Baada ya Bartlett kurudi, Peary peke yake ndiye aliyefanya hesabu hizo. Hapakuwa na mtu wa pili wa kuzihakikisha. Tena mwendo aliosema walikwenda katika siku za mwisho ulikuwa mkubwa kupita siku za kwanza. Miaka ya 1980 msafiri wa Uingereza, Wally Herbert, aliyewahi kufika kwenye Ncha kwa mbwa mwaka 1969, alisoma daftari la Peary. Aliona kwamba huenda walipotea kwa makumi ya kilomita. Wataalamu wengine hawakukubaliana naye.

Kulikuwa pia na daktari Frederick Cook, aliyetangaza mwanzoni mwa Septemba 1909 kwamba yeye alifika mwaka mmoja kabla yao. Wainuiti wawili waliokwenda naye walisema hawakwenda mbali na nchi kavu, na watu wengi wakaacha kumsadiki.

Mimi naona jambo moja halina ubishi. Iwe walifika penyewe au karibu, waliofungua njia ni Henson na Wainuiti wanne.

Baada ya kurudi

Peary alipewa medali na cheo cha juu cha jeshi la majini. Henson hakupewa kitu na serikali. Wakati ule watu weusi wa Marekani walibaguliwa, na magazeti mengi yalimwita mtumishi wa Peary tu. Wengine waliuliza kwa nini mzungu hakuchagua mzungu mwenzake awe shahidi. Watu weusi wa New York ndio waliomwandalia karamu Oktoba 1909, wakampa saa ya dhahabu. Mwaka 1912 alitoa kitabu cha maisha yake. Kijana aliyefundishwa chumbani mwa nahodha sasa alikuwa mwandishi.

Kitabu hakikumtajirisha. Akafanya kazi katika gereji ya magari. Mwaka 1913 rais wa Marekani, Taft, aliagiza apewe kazi katika ofisi ya forodha ya New York. Alianza kama tarishi, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka 1936. Mtu aliyeongoza mbwa juu ya bahari iliyoganda alipeleka barua kutoka chumba hadi chumba kwa miaka mingi. Peary alikufa mwaka 1920.

Heshima zilikuja polepole. Mwaka 1937 chama cha wasafiri wa New York kilimkubali kuwa mwanachama. Mwaka 1944 Bunge la Marekani liliagiza watu wa safari ile wapewe medali, naye akiwamo. Mwaka 1954 Rais Eisenhower alimkaribisha Ikulu. Alikufa tarehe 9 Machi 1955 akiwa na miaka 88, akazikwa New York.

Mkewe, Lucy Ross, waliyeoana mwaka 1907, aliishi naye mpaka mwisho. Hawakuzaa mtoto. Lakini Henson alikuwa na mtoto Greenland. Mwanamke wa Kiinuiti, Akatingwah, alimzalia mwana mwaka 1906, akaitwa Anaukaq. Henson alipoondoka mwaka 1909 hakurudi tena, wala hakumwona mwanawe tena. Anaukaq alilelewa na watu wa mama yake, akawa mwindaji, akazaa watoto na kupata wajukuu. Kwa miaka mingi Wamarekani wengi hawakujua kwamba yupo.

Mwaka 1987, akiwa mzee wa miaka 80, Anaukaq alisafiri mpaka Marekani pamoja na watu wa ukoo wake. Alifika kwenye kaburi la baba yake na kukutana na ndugu zake wa Marekani. Mwaka huohuo, baada ya kurudi nyumbani, alikufa.

Tarehe 6 Aprili 1988, miaka 79 kamili tangu siku ile ya barafu, mwili wa Henson ulihamishwa ukazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington, karibu na kaburi la Peary. Lucy naye alizikwa tena kando ya mumewe. Wajukuu kutoka Greenland walikuja, wakasimama pale kaburini.